Wazazi wamepokea posa yangu, na ninayempenda ni binti mwenzangu

Swali: Shikamoo mshauri. Nina miaka 25, nafundisha chekechea hapa Dodoma mjini. Wazazi wangu wako Kongwa. Baba ni mzee wa kanisa la Anglikana na mama ni kiongozi wa akina mama. Kwa miaka mitatu nampenda binti mwenzangu wa kwaya, naye ananipenda. Mwezi uliopita mshenga alileta barua ya posa kwa niaba ya kijana wa kanisani kwetu. Kishika uchumba kimepokelewa, ng'ombe watafuata baada ya mavuno. Sasa mama ameanza kuhisi kitu, amezungumza na mchungaji, nami nimeitwa kwenye maombi ya kufunguliwa. Je, niolewe tu ili yaishe? Au niwaambie ukweli?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Pole sana.

Umeuliza kana kwamba njia ni mbili tu, kuolewa au kusema. Ipo ya tatu, nayo ndiyo ninayokushauri kwa nguvu zangu zote: kataa ndoa hii, na siri yako ibaki kwako mpaka wewe mwenyewe uone wakati umefika. Haya ni mambo mawili tofauti. Posa ina tarehe na inamgusa mtu wa tatu. Kumwambia mtu unampenda nani hakuna tarehe, na hakuna sheria ya nchi wala mila inayokudai maelezo hayo ili ukubaliwe kukataa mchumba.

Wapo watakaokwambia olewa kwanza, mengine yatapoa ndani ya ndoa. Hayapoi, na kutoka baadaye ni kugumu mara nyingi zaidi kuliko kutoingia. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, huwezi kuomba talaka kabla ndoa haijatimiza miaka miwili, isipokuwa mahakama ikupe ruhusa ya pekee. Hata hiyo miaka miwili ikipita, kwa kawaida shauri linapitia kwanza baraza la usuluhishi la ndoa, la kata au la kanisa, na swali la kwanza utakaloulizwa pale ni "Mwenzio kakukosea nini?" Utakuwa umekaa mbele ya wazee ukitafuta jibu la jambo lilelile unaloogopa kulisema leo, pengine ukiwa na mtoto mgongoni. Na huyo kijana naye ni mtoto wa watu. Hajakosa lolote, anastahili mke anayemtaka.

Sasa, namna ya kulivunja.

Fanya kabla ng'ombe hawajatoka zizini kwao. Kishika uchumba ni bahasha, kinarudishwa siku moja. Mahari si hivyo. Kwa Wagogo ng'ombe wa mahari hawabaki wote kwa baba: wapo wa upande wa mama, mjomba ana sehemu yake, na mara nyingi wengine wanapangiwa kumwolea kaka yako. Wakishagawanywa, kuvunja uchumba kunamaanisha kuzunguka nyumba hadi nyumba kuomba mifugo irudi, na hapo ndipo mzazi mpole hugeuka mkali, kwa sababu si binti tu anayemwaibisha, ni deni. Sheria ya Ndoa inauruhusu upande wa mwanaume kudai zawadi zilizotolewa kwa ajili ya ndoa ambayo haikufungwa, pamoja na hasara iliyotokana moja kwa moja na ahadi iliyovunjwa. Kwa hiyo andika kwenye daftari kila kilichopokelewa: fedha kiasi gani, vitenge, blanketi la bibi, tarehe, nani alipokea. Kama una akiba, weka pembeni kiasi kilekile cha kishika uchumba. Baba akikwambia "hela ya watu tumeshaitumia," wewe toa bahasha. Sababu moja ya kukulazimisha itakuwa imeondoka palepale mezani.

Usianze na baba. Anza na mjomba. Kwenye mahari ana fungu na kwenye ndoa yako ana sauti, na akisema "mtoto hajaridhika, tusilazimishe," baba anapata mlango wa kutokea bila kuonekana ameshindwa na binti yake. Nenda mwenyewe, siku ya kazi, si Jumapili wala siku ya mnada nyumba inapojaa wageni. Maneno yawe machache: "Mjomba, sijaridhika na ndoa hii. Kijana hana kosa. Siwezi kusimama madhabahuni nikaapa kitu ambacho moyoni hakipo." Kila neno hapo ni kweli, na katika nyumba ya mzee wa kanisa, kuogopa kuapa uongo mbele za Mungu ni hoja nzito kuliko "simpendi."

Utaulizwa, "Una mwanaume mwingine?" Jibu: "Sina." Ni kweli, basi ishia hapo. Wengi huharibikiwa hapa kwa kuongeza. Ukibuni mchumba wa Dar es Salaam, watataka kumwona. Ukisingizia ugonjwa, utapelekwa hospitali ukiwa na mama ubavuni. Ukisema unataka kusoma kwanza, watakwambia utasomea kwa mumeo, na posa itabaki palepale. Na usimzushie kijana ulevi wala uhuni. Ukoo wake watafuatilia, na hasira yao itaanza kuchimba sababu ya kweli. Rudia sentensi zako tatu, kwa sauti ya chini, hata mara kumi. Kurudisha barua na fedha ni kazi ya wazee kupitia kwa mshenga; wewe hutakiwi kwenda kwa wakwe.

Kama ukoo utashikilia, breki ya pili iko kanisani. Sheria inataka ridhaa ya hiari ya kila upande, na inataka taarifa ya nia ya kufunga ndoa itolewe angalau siku 21 kabla. Ndiyo maana kunakuwa na matangazo. Omba kuonana na mchungaji peke yako, bila mama, umwambie hujaridhia. Akionekana kupuuza, mwandikie barua ya mistari mitatu: jina lako, kwamba hujaridhia kufunga ndoa na fulani, tarehe, sahihi. Piga picha ya barua kabla ya kuikabidhi. Mchungaji mwenye karatasi hiyo mkononi hawezi kufungisha ndoa huku akisema hakujua. Ila tafadhali usifike huko. Kamati ya harusi ikishaundwa, kundi la michango likafunguliwa na watu wakaanza kuahidi laki na hamsini, kadi zikachapwa na sendofu ikapangiwa ukumbi, kila aliyechanga anageuka mdai wa maelezo.

Nije kwenye maombi ya kufunguliwa, maana ndiyo yaliyo karibu zaidi na ndiyo yanayonitia hofu.

Kuombewa si kubaya, na sitakwambia uache kusali. Hatari iko kwenye kinachodaiwa wakati wa maombi. Makanisa yetu ya ukanda huu yamelelewa na uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukaenea Afrika Mashariki yote, na pamoja na baraka zake ulituachia desturi ya kuungama hadharani, dhambi kwa jina lake na mwenzako kwa jina lake. Siku hizi vikundi vya maombi vimeongeza mengine: kufunga siku tatu kavu, kukemewa jini mahaba usiku kucha, kunyang'anywa simu, kulazwa kambini wiki mbili. Mtu aliyekaa siku mbili bila maji wala usingizi hutamka lolote ili aachwe. Jina la mwenzako likitamkwa mbele ya waombaji kumi, kesho yake liko kwa wazazi wake na kwa mwajiri wako.

Kwa hiyo, kubali sala, kataa mahojiano. Mwambie mchungaji: "Nakuomba uniombee amani ya moyo. Mambo yangu nimeyaweka mbele za Mungu, sitayasema mbele ya watu." Nenda mchana, ofisini au kanisani, na mama mchungaji akiwepo. Usikubali kulala huko. Usikubali kufunga bila maji. Usinywe kitu usichokijua, kiwe cha mwombaji au cha mganga. Simu iache nyumbani imezimwa. Ukiulizwa moja kwa moja kama una uhusiano na mwanamke, huna deni la kujibu. Sema "Mchungaji, nimekuja kuombewa," kisha nyamaza. Na hakikisha mtu mmoja anajua uko wapi na unatakiwa kurudi saa ngapi.

Watakwambia kuna waliobadilika. Shirika la Afya Duniani liliacha kuhesabu kumpenda mtu wa jinsia yako kuwa ugonjwa tangu mwaka 1990, na hakuna dawa, dua wala tiba iliyothibitika kuigeuza hali hiyo. Zinazodai kufanya hivyo zinaacha sonona na majeraha. Usijihukumu kwamba hukuomba vya kutosha.

Kuhusu imani yako sitakudanganya. Kanisa lenu halikubali mapenzi ya jinsia moja, nalo linasimama juu ya azimio la maaskofu wa Anglikana duniani waliokutana Lambeth mwaka 1998. Azimio namba 1.10 lilisema vitendo hivyo havipatani na Maandiko. Hilo halitabadilika kabla ya mavuno. Lakini azimio hilohilo, katika aya ambayo haisomwi sana huku kwetu, linawahakikishia watu kama wewe kwamba wanapendwa na Mungu, kwamba kila aliyebatizwa, anayeamini na aliye mwaminifu ni kiungo kamili cha Mwili wa Kristo pasipo kujali hisia zake, na linawataka waumini wawahudumie wote kwa upole na kulaani hofu isiyo na sababu juu yao. Maneno hayo nayo yamo katika azimio lilelile wanalosimamia viongozi wako. Ubatizo wako haujafutwa na mtu yeyote. Endelea kuimba.

Sheria ya nchi ni lazima uijue ilivyo, bila kuipunguza wala kuikuza. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, tuliyorithi kwa Waingereza, ina kifungu cha 154 cha makosa kinyume cha maumbile, adhabu yake ni miaka isiyopungua 30 hadi maisha. Kwa kawaida hicho huelekezwa kwa wanaume. Kinachoweza kumgusa mwanamke wa Bara ni kifungu cha 138A, kilichoongezwa mwaka 1998, kinachohusu vitendo vya aibu kubwa kati ya mtu na mtu, hata vikifanyika faragha. Adhabu yake ni kifungo cha mwaka mmoja hadi mitano, au faini. Zanzibar wana sheria yao, inayowataja wanawake waziwazi. Shika jambo moja: sheria inaadhibu kitendo. Kupenda si kosa, kuimba kwaya moja si kosa, kupanga chumba kimoja si kosa. Ndiyo maana usiandike popote, usimsimulie mtu yeyote, habari za faraghani.

Ikitokea polisi wakakuita, unayo haki ya kuambiwa kosa, kunyamaza, na kuwasiliana na wakili au ndugu. Mahojiano kwa kawaida yasizidi muda wa saa nne bila kuongezwa kwa utaratibu, na ndani ya saa 24 upelekwe mahakamani au upewe dhamana. Dhamana ya polisi hailipiwi. Maelezo unayoyatoa kwa hiari kituoni yanaweza kutumika kama ushahidi dhidi yako, kwa hiyo usitie sahihi kitu ambacho hukukisoma hadi mstari wa mwisho. Tafuta sasa, kabla ya shida, wakili mmoja au mtoa msaada wa kisheria, uihifadhi namba yake kichwani, si kwenye simu tu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa msaada wa bure kwa asiye na uwezo.

Simu ndiyo inayowafichua wengi, kuliko hata umbea. Mama anaazima aone picha za ubatizo, mdogo wako anaomba acheze, fundi simu anaiomba namba ya siri ili "ajaribu kioo." Zima ujumbe usionekane kwenye kioo kilichofungwa. Kwenye WhatsApp fungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa uone kama kuna kompyuta ya shule au ya kaka yako inayosoma mazungumzo yako, uiondoe. Washa ujumbe unaojifuta baada ya saa 24, ukijua kwamba haumzuii mtu kupiga picha ya kioo. Zima hifadhi ya nakala kwenye akaunti ya barua pepe, la sivyo uliyofuta yatarudi siku utakapobadilisha simu. Picha za faragha zisiwepo kabisa, za kwako wala za mwenzako. Bonyeza *106# uone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Na kama laini unayotumia imesajiliwa kwa jina la kaka, sajili yako, kwa sababu mwenye usajili anaweza kuirudisha laini kwenye simu yake na kupokea namba zako za siri.

Akijitokeza mtu wa kukutisha kwamba atavujisha, usilipe hata shilingi. Malipo ya kwanza yanamthibitishia kwamba una cha kuficha na una uwezo. Mjibu mara moja tu: "Sielewi unachosema, na kunitaka fedha kwa vitisho ni kosa." Kisha usijibu tena, ila usifute, hifadhi ujumbe na namba. Anza kama unayemtumia fedha kwenye namba hiyo, jina la aliyesajili litatokea kabla hujathibitisha. Liandike, kisha ghairi. Ukifika kwa wakili, kinacholalamikiwa ni vitisho na fedha. Uhusiano wako haumo kwenye malalamiko hayo.

Kuna jambo zito ambalo lazima niliseme. Wapo wanaoamini kwamba mwanamke "atanyooka" akilazimishwa na mwanaume, na wakati mwingine ni mtu wa nyumbani au mchumba mwenyewe anayeambiwa "mkomeshe." Usikae peke yako na kijana huyo wala ndugu yeyote anayekutisha hadi posa irudi. Likitokea, Mungu aepushe, nenda hospitali kwanza. Usioge, nguo zitie kwenye mfuko wa karatasi. Dawa za kukinga VVU zinafanya kazi zikianza ndani ya saa 72, kadiri unavyowahi ndivyo bora, na zinamezwa siku 28. Za kuzuia mimba pia zina saa zake, ziulize hapohapo. Matibabu hayasubiri PF3, ile fomu ya polisi ya aliyeumizwa. Fomu hiyo itafuata kupitia Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kubakwa ni kosa la aliyebaka, na huna wajibu wa kumweleza askari au daktari unampenda nani.

Angalia na hali yako ya ndani. Usingizi ukikatika, chakula kikigoma na kila kitu kikawa kizito kwa wiki mbili mfululizo, nenda hospitali ya Mirembe au kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya mkoa. Sema dalili: silali, silii wala sicheki, sina hamu. Zinatosha kutibiwa, sababu utaieleza ukimwamini daktari. Mawazo ya kujidhuru yakija, usisubiri kliniki, nenda usiku huohuo na mtu.

Kuwaambia wazazi kutakuja baadaye, au hakutakuja kabisa. Usifanye hivyo kabla hujawa na mahali pa kulala pasipo pao, kodi ya miezi sita mkononi, na vyeti vyako vya kuzaliwa na shule vikiwa nje ya nyumba ya Kongwa. Usiseme ukiwa kwenye ugomvi, wala kwa ujumbe wa simu. Ukitaka wa kwanza, mfikirie bibi. Utani wa bibi na mjukuu unabeba mengi ambayo kwa mama hayabebeki. Mpime kwanza kwa habari za mtu mwingine, usikilize anavyomsema.

Halafu yupo mwenzako, ambaye barua yako haikumtaja tena baada ya mistari ya mwanzo. Yuko kwenye hatari ileile, na pengine hajui kwamba mama yako amezungumza na mchungaji. Mwambie leo, ana kwa ana. Kubalianeni mtakachosema mkiulizwa kila mmoja peke yake: mlifahamiana vipi, kwa nini mnaonekana pamoja, nani alilipia nini. Liwe jibu moja, fupi, lenye ukweli ndani yake, kwamba ni rafiki yako wa kwaya. Mpe namba ya yule wakili. Pangeni siku na saa ya kupeana habari kila wiki, na kama mmoja asipojibu kwa siku nzima, mwingine amtafute nani kwanza.